Mashine ya kukausha hewa ikiganda barafu, usikimbilie jiko la makaa

WAKAZI wa Kitale wanaijua vyema miezi ya Julai na Agosti. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, viatu vya ngozi vilivyoachwa chini ya kitanda huota kuvu nyeupe, na ukipapasa ukuta wa chumba cha kulala asubuhi, mkono hurudi umelowa. Kwa mtu mwenye afya njema hayo ni kero tu. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu ni jambo jingine kabisa.

Mama mmoja, mwalimu, anayeishi mtaa wa Milimani mjini humo, ana mtoto wa kiume wa miaka sita anayeugua pumu. Msimu mmoja wa mvua mtoto huyo alikuwa akiamka usiku kukohoa mara nne au tano kwa juma. Daktari alipouliza hali ya chumba anacholala, mama alieleza habari ya kuta zinazotoa jasho na madoa meusi yaliyoenea pembeni mwa dari. Aliporudi nyumbani akampigia simu shemeji yake aliye Nairobi, na shemeji akamnunulia mashine ya kukausha hewa, ile ambayo wauzaji huiita dihumidifaya.

Juma la kwanza mambo yalikuwa mazuri. Ndoo ya mashine ilikuwa ikijaa na mama akafurahi kumwaga maji yaliyokuwa yakielea hewani. Juma la pili, siku za baridi zilipokaza, ndoo ikawa tupu kila asubuhi ingawa mashine ilinguruma usiku kucha. Alipoondoa kifuniko cha nyuma aliona mabomba yake yamevikwa barafu kama friji kuukuu.

Fundi aliitwa. “Mama, hii gesi imeisha,” akasema bila hata kuigusa. Akalipwa, akatia gesi, na baada ya siku tatu barafu ikarudi. Fundi wa pili akasema kompresa imekufa. Dada yake mdogo anayeishi Kanduyi, Bungoma, akamwambia, “Niletee huku dada, hata nguo zangu hazikauki.” Mashine ikapelekwa Bungoma na huko ikafanya kazi majuma mawili bila hata chembe ya barafu. Iliporudishwa Kitale, ikaganda usiku ule ule.

Hatimaye jirani mmoja akampa jibu lililokuwa la kweli, lakini nusu tu. Alimwambia kwamba mashine haina ubaya wowote, ila chumba kina baridi mno, na kwamba akikipasha joto itafanya kazi. Nilipofika kumtembelea jioni moja nilikuta jiko la makaa kwenye kizingiti cha chumba cha mtoto, makaa yamekolea mekundu, mama akingoja moshi uishe ili aliingize ndani.

Msomaji atanisamehe nikieleza mambo ya mabomba na gesi katika ukurasa wa afya. Jiko lile ndilo sababu.

UNYEVU NA KIFUA

Hewa yenye unyevu peke yake haimletei mtu pumu kama vile mbu anavyoleta malaria. Ubaya wake ni vitu vinavyostawi ndani yake. Kuvu inayoota ukutani hutoa chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani, na mgonjwa wa pumu akizivuta, njia zake za hewa huvimba na kubana. Utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokaa kwenye godoro, mto na blanketi, nao hupenda unyevu. Hawanywi maji, bali huyafyonza kutoka hewani, na hewa ikiwa kavu hunyauka na kufa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu katika majumba, likaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, kupumua kwa mluzi na mashambulizi ya pumu.

Wataalamu hupima unyevu wa hewa kwa asilimia. Asilimia 100 ni hewa iliyoshiba maji kabisa. Nyumba iliyo kati ya asilimia 40 na 60 ni nzuri kwa kifua, na ikipita 70 kwa siku nyingi mfululizo kuvu hupata nafasi. Kipimo kidogo cha unyevu chenye saa na kipimajoto pamoja huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na ningemshauri mtu anunue hicho kabla ya kununua mashine yoyote. Bila kipimo utakuwa unabahatisha.

KWA NINI BUNGOMA NDIYO, KITALE HAPANA

Mashine hii ni friji iliyogeuzwa kazi. Ndani yake mna feni inayovuta hewa ya chumba, na hewa hiyo hupitishwa juu ya mabomba baridi. Kama vile chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotokwa na jasho mezani, ndivyo mvuke ulio hewani unavyogeuka maji juu ya mabomba hayo na kudondoka ndooni. Kisha hewa hupita juu ya mabomba ya moto na kurudishwa chumbani ikiwa kavu na yenye joto kidogo.

Ili mabomba yatoe jasho ni lazima yawe baridi kuliko hewa, kwa kawaida nyuzi kumi au kumi na tano chini yake. Sasa fanya hesabu. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 26, mabomba yatakuwa kwenye nyuzi 11 hadi 16, na maji yatadondoka. Chumba kikiwa na nyuzi 14, mabomba huweza kushuka hadi sifuri au chini ya hapo. Maji hayadondoki tena, bali huganda papo hapo. Barafu ikianza huzuia hewa kupita, na hewa isipopita mabomba huzidi kuwa baridi na barafu huzidi kunenepa. Baada ya saa chache mashine inakula umeme wa bure.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Usiku joto la nje hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na ndani ya nyumba ya mawe isiyo na dari nzuri chini ya mabati halipiti sana 15 au 16. Bungoma iko karibu mita 1,400. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi sita, kwa hivyo kutoka Bungoma hadi Kitale, ukipita Kamukuywa na Kiminini, unapoteza nyuzi tatu hivi. Nyuzi tatu ni kidogo kwa mtu aliyevaa sweta. Kwa mashine hii zinatosha kuivusha mpaka, maana mashine nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kufanya kazi vizuri kuanzia nyuzi 18 kwenda juu.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakuambii. Ile “lita 12 kwa siku” iliyoandikwa kwenye katoni kwa kawaida hupimwa katika chumba chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hiyo ni hali ya hewa ya Mombasa mwezi wa Aprili. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 25 huweza kubeba gramu 23 hivi za maji, lakini hewa ya nyuzi 12 haibebi hata 11. Mkazi wa Kitale asishangae akipata lita mbili au tatu tu. Hewa yake ya usiku haina maji mengi ya kutoa, hata kama kuta zimelowa.

KUTAFUTA UBAYA, HATUA KWA HATUA

Mashine yako ikiganda, izime, chomoa plagi ukutani na uiache barafu iyeyuke yenyewe. Weka beseni au tambara chini yake. Inaweza kuchukua saa tatu au nne. Usiikwangue barafu kwa kisu wala bisibisi. Mabomba yale ni membamba, na ukiyatoboa hakuna fundi atakayeyarudisha yalivyokuwa kwa bei ya kuridhisha. Isitoshe, mashine nyingi za siku hizi hutumia gesi iitwayo R290, ambayo ni propani, jamaa ya karibu ya gesi ya kupikia. Soma kibandiko kilicho nyuma. Ukiona herufi hizo, elewa kwamba kutoboa bomba ni sawa na kufungulia mtungi wa gesi chumbani. Maji ya moto nayo usiyamwage juu yake.

Barafu ikiisha, jambo la kwanza ni kusoma kipimajoto, na ukisome saa ile mashine inapoganda, si saa sita mchana jua likiwaka. Ikiwa usiku chumba kiko chini ya nyuzi 18, umekwisha kupata mshukiwa mkuu. Fungua kitabu kilichokuja na mashine utafute joto la kufanyia kazi. Baadhi huandikwa kuanzia nyuzi 5, na hizo zina kifaa cha kujiyeyusha barafu. Kompresa husimama kila baada ya muda na feni huendelea kupuliza hadi barafu iishe. Wenye mashine hizo wakati mwingine huita fundi bure, wakidhani imeharibika kwa kuwa imenyamaza. Ingoje robo saa kwanza.

Pili, tazama chujio. Ni wavu mwembamba unaochomoka kwa mkono, na katika miji yetu yenye barabara za murramu huziba upesi. Chujio likiziba feni haipati hewa ya kutosha, na hewa ikipungua barafu hufanyika hata katika chumba chenye joto. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, likauke kivulini, kisha lirudishe. Msimu wa mvua lioshwe kila baada ya majuma mawili. Kuliondoa kabisa ili hewa ipite vizuri, kama nilivyoona mtu mmoja akifanya, ni kuhamishia uchafu kwenye mabomba yenyewe, na huko hautoki kwa urahisi.

Tatu, mashine imewekwa wapi? Wengi huificha nyuma ya kochi au pazia kwa kuwa si pambo. Iache nafasi ya sentimita 30 hivi kila upande unaovuta au kupuliza hewa. Pia funga madirisha ya chumba inapofanya kazi, la sivyo utakuwa unajaribu kukausha Mlima Elgon.

Nne, sikiliza feni. Ikiwa inazunguka polepole, inakwama au inalia, huenda imejaa vumbi au kapasita yake imechoka. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi wa umeme. Hapa niwape tahadhari walioletewa mashine na jamaa zao kutoka Marekani. Umeme wa huko ni volti 120 na wetu ni 240, na watu wengi wanalijua hilo, hivyo hununua transfoma ya kupunguza. Wasilolijua ni kwamba umeme wa Marekani hupiga mapigo 60 kwa sekunde na wetu 50, na transfoma haibadilishi mapigo hayo. Feni iliyotengenezewa mapigo 60 inaweza kuzunguka hapa kwa mwendo pungufu karibu sehemu moja ya sita, na mota yake hupata joto kuliko inavyostahili. Hewa hupungua, na barafu hufuata. Mashine kama hiyo mimi nisingeihangaikia.

Tano, tazama umeitegesha asilimia ngapi. Mtu akiiweka 35 kwa kutaka ukavu wa haraka, haitafika huko kamwe katika usiku wa Kitale, kwa hivyo itanguruma bila kupumzika na kuganda. Iweke 55.

Yote hayo yakiwa sawa, ijaribu katika chumba chenye joto, kama alivyofanya yule dada wa Kanduyi bila kujua kwamba alikuwa akifanya uchunguzi wa kitaalamu. Si lazima usafiri hadi Bungoma. Jikoni alasiri patatosha, mradi kipimajoto kionyeshe nyuzi 22 au zaidi. Ukiisafirisha, isimame wima. Ikiwa imelazwa kwenye buti ya matatu, iache isimame usiku mzima kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Na kila unapoizima, ngoja dakika tano kabla ya kuiwasha tena.

Ikifanya kazi penye joto na kuganda penye baridi, mashine ni nzima. Ikiganda hata penye joto, na chujio ni safi na feni inapuliza, sasa ndipo tuzungumze habari ya gesi. Angalia barafu ilivyokaa. Ikiwa imeenea sawasawa juu ya mabomba yote, tatizo aghalabu ni hewa au baridi. Ikiwa imekusanyika kipande kimoja tu, huku mabomba mengine yakiwa makavu na yenye joto la kawaida, huenda ni gesi iliyopungua.

Lakini gesi ya friji haiishi kama petroli ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na isipovuja itakaa humo miaka yote ya mashine. Fundi anayesema gesi imeisha anakuambia kwamba kuna tundu. Muulize tundu liko wapi na amelizibaje. Asipokuwa na jibu, usimpe pesa. Yule mwalimu wa Milimani alilipia gesi ambayo mashine yake haikuihitaji hata kidogo, na fundi mwenyewe yamkini aliamini anasema kweli.

JIKO CHUMBANI

Sasa turudi kwenye kile kizingiti. Ikiwa baridi ndiyo inayogandisha mashine, kupasha chumba joto ni dawa sahihi. Joto lenyewe hata hupunguza unyevu. Hewa ya nyuzi 12 iliyoshiba maji kabisa, ikipashwa hadi nyuzi 18, hushuka kutoka asilimia 100 hadi karibu 70 bila kuondolewa tone moja. Swali ni kupasha kwa kitu gani.

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kabonimonoksidi. Haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu hubeba sumu badala ya hewa. Mwathiriwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, viungo hulegea, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Watoto huathirika upesi kwa kuwa wanapumua haraka kuliko sisi.

Watu wengi hukosea hapa, na hawakosei kwa ujinga. Kwa desturi jiko huwashwa nje, moshi ukaisha, kisha likaingizwa ndani likiwa jekundu bila moshi. Inaaminika kwamba hatari imekwenda na moshi. Kumbe moshi ni kitu kimoja na gesi hii ni kitu kingine. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo huendelea kuitoa kwa wingi hadi yawe majivu. Na chumba ambacho kimezibwa kila upenyo ili mashine ya kukausha hewa ifanye kazi vizuri ndicho chumba kibaya kuliko vyote cha kuingiza jiko. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Mtu akikutwa na dalili hizo, au watu kadhaa wa nyumba moja wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, fungua milango na madirisha, watoe wote nje penye hewa, kisha wapelekwe hospitali hata kama wameanza kupata nafuu. Mweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko ndani, kwa sababu bila habari hiyo ni rahisi kudhaniwa ni malaria.

Je, hita ya mafuta ya taa au ya gesi? Hizo nazo zaweza kutoa sumu ile ile zikikosa hewa, na zina ubaya wa pili unaochekesha kidogo. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke. Mafuta ya taa nayo hutoa zaidi ya lita moja kwa kila kilo. Utakuwa unawasha moto kuongeza maji ambayo mashine inahangaika kuyatoa.

Hita ya umeme, hasa ile yenye mafuta ndani isiyo na waya mwekundu ulio wazi, haitoi gesi wala mvuke. Ubaya wake ni bili. Mashine ya kukausha hewa hutumia wati 200 hadi 300, na hita hutumia 1,000 hadi 1,500. Ikubidi kuitumia, washa saa moja au mbili jioni kabla ya mtoto kulala. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni yenye vitu vinne.

Kwa mkazi wa Kitale, hata hivyo, lililo la nafuu zaidi ni kubadilisha saa. Washa mashine kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, chumba kikiwa na nyuzi 21 au 22 na madirisha yamefungwa, na uizime usiku. Itakusanya maji mengi kuliko ingenguruma usiku kucha ikiwa imevaa barafu. Kwa asiyenunua bado na anayeishi mahali pa baridi, aulize mashine ya aina ya pili, ile isiyo na kompresa, inayonyonya unyevu kwa dawa kavu na kuupasha. Hiyo haigandi, ingawa hula umeme zaidi.

MAJI YANATOKA WAPI?

Hata mashine nzuri haishindi nyumba inayovuja. Mwalimu wetu tulipozunguka nyuma ya nyumba tuliona gata imekatika juu ya chumba kile kile cha mtoto, na maji ya mvua yanapiga ukuta miaka mingi. Katika nyumba nyingine unyevu hupanda kutoka ardhini kwa sababu fundi wa ujenzi alikwepa kuweka polithini juu ya msingi. Utaijua kwa alama ya maji inayoanzia chini na kuishia usawa wa goti au kiuno.

Na sisi wenyewe ni chemchemi. Watu wanne wakilala usiku mmoja hupumua nje karibu lita moja ya maji. Nguo zilizoanikwa sebuleni, sufuria ya githeri inayochemka saa tatu bila kifuniko, maji ya kuoga ya moto, vyote hivyo huingia hewani na kutua kwenye ukuta ulio baridi zaidi, ambao kwa kawaida ni ule ulio nyuma ya kabati. Sogeza kabati na kitanda upana wa kiganja kutoka ukutani. Fungua madirisha ya pande mbili adhuhuri siku ambayo mashine haifanyi kazi. Wakazi wa Bungoma, ambako malaria haipumziki mwaka mzima, wafunge kabla ya magharibi au waweke wavu dirishani.

Kuvu iliyokwisha kuota ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ndipo upake rangi. Kupaka rangi juu yake ni kuifunika blanketi. Mwenye pumu asiwe chumbani kazi hiyo ikifanywa, na anayeifanya afunge kitambaa au barakoa puani. Ukitumia dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Maji ya ndooni yamwagwe kila siku na ndoo ioshwe kwa sabuni mara moja kwa juma. Yanaonekana safi kama ya mvua, lakini yamepita juu ya vyuma na vumbi, na yakikaa huota utelezi wa vijidudu. Si ya kunywa, wala si ya kuchanganyia mtoto maziwa.

Wala mashine si dawa ya pumu. Mtoto aendelee na dawa zake za kuvuta kama daktari alivyoagiza, hata wiki ambayo hakohoi. Akipumua kwa kasi hadi mbavu zinaingia ndani, akishindwa kumaliza sentensi au kunyonya, midomo ikigeuka rangi ya samawati, au dawa ya kufungua kifua isipomsaidia, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Na kikohozi kilichozidi majuma mawili, kwa mtoto au mtu mzima, kipimwe kifua kikuu. Si kila kikohozi cha nyumba yenye kuvu kinatokana na kuvu.

Jioni ile jiko lilirudishwa nje na tukalipikia chai. Juma lililofuata gata ilitengenezwa, kitanda cha mtoto kikahamishiwa chumba cha upande wa jua, na mashine ikapangiwa saa za mchana. Dada wa Kanduyi bado anaiulizia.